Mfano na Kitu Chenyewe

Mwanadamu hana njia ya kulifikia jambo geni ila kwa kupitia jambo alilokwisha kulizoea. Mtoto ambaye hajapata kuiona bahari huambiwa kuwa ni kama ziwa lisilo na ng'ambo. Msafiri akirudi kutoka nchi ya mbali huwaeleza wenziwe matunda ya huko kwa kuyafananisha na maembe na mapera ya kwao. Hakuna elimu iliyojengwa bila mifano, wala hakuna mwalimu anayeweza kufundisha siku moja nzima asitamke neno "kama". Lakini hapo pana swali ambalo kila msomaji hana budi kujiuliza mapema maishani mwake. Mfano ukitufaa, je, umetuambia kweli? Vitu viwili vikifanana, twaruhusiwa kusema nini juu yao, na twakatazwa kusema nini?

Nitalifuata swali hili kwanza katika karakana ya mhandisi, kwa sababu huko mifano hujaribiwa kwa vipimo. Kisha tutatoka nje ya karakana, kwa kuwa huko nje mifano hutumiwa kuwapima watu, na mfano mbaya huweza kumgharimu mtu haki yake.

Tuanze na maneno mawili yaliyomo katika lugha yetu wenyewe: mkondo wa umeme. Umeme kwa asili ni ule mmweko wa mawinguni utanguliao radi. Mkondo ni mwendo wa maji ya mto, au ya bahari ipitapo kati ya visiwa. Nguvu iendayo katika nyaya ilipofika kwetu, Kiswahili kiliazima neno moja mbinguni na neno la pili majini. Ukitazama upesi utadhani maneno haya yameazimwa kwa namna moja, nawe utakuwa umekosea. Mwaka 1752 majaribio yaliyofanywa Ufaransa, kwa kufuata mawazo ya Benjamin Franklin wa Marekani, yalidhihirisha kwamba radi ni umeme ule ule ambao watu walikuwa wakiupata kwa kusugua kioo. Basi anayeiita nguvu ya nyaya kwa jina la umeme ameiita kwa jina lake hasa. Hapo pana umoja: ni kitu kimoja katika sura mbili.

Mkondo si hivyo. Waya hauna tundu ndani kama bomba, na ukikatwa umeme haumwagiki chini. Hata hivyo neno latufaa sana. Maji hayaendi pasipo tofauti ya kimo, na umeme hauendi pasipo tofauti ya msukumo, ile tunayoipima kwa volti. Bomba jembamba hupunguza maji, na waya mwembamba hupunguza umeme. Hapo pana ufanano, wala hapana umoja. Msomaji ayaweke moyoni mambo haya mawili, kwa maana kuyachanganya ndiko kunakozaa makosa mengi ya fikira.

Sasa tuingie karakanani. Lifikirie gari lipitalo katika barabara yenye mashimo. Gari lina tungamo, yaani wingi wa mada iliyomo ndani yake. Tungamo hilo hukalia springi, na kando ya springi pana kile chombo chenye mafuta ambacho mafundi hukiita shokomzoba. Kila kimoja kina tabia yake. Tungamo hukataa kubadilishiwa mwendo: likitulia hutaka kutulia, likienda hutaka kuendelea. Springi huweka akiba: ukiibana huipokea nguvu yako, na ukiiachia hukurudishia. Shokomzoba haiweki wala hairudishi. Huumeza mtikisiko na kuugeuza kuwa joto, na kama isingalikuwapo gari lingaliendelea kurukaruka muda mrefu baada ya kulipita shimo.

Liache gari, uchukue saketi ya umeme yenye vitu vitatu. Cha kwanza ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Cha pili ni kapasita, ambayo ni mabamba mawili ya madini yaliyotengwa yasigusane. Cha tatu ni waya wenye ukinzani, mfano wa ule uwakao mwekundu katika jiko la umeme. Koili hukataa kubadilishiwa mkondo. Kapasita huweka akiba ya umeme na kuirudisha. Ukinzani hauweki wala haurudishi. Huugeuza umeme kuwa joto.

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba haya ni maneno mazuri tu, kama ya mshairi amfananishaye mpenzi wake na mwezi. Tofauti huonekana pale hesabu inapoandikwa. Mlinganyo uelezao mtikisiko wa gari, na mlinganyo uelezao mkondo katika saketi ile, una umbo moja. Kila herufi ya kwanza ina mwenziwe katika wa pili: kani husimama mahali pa msukumo wa umeme, kasi mahali pa mkondo, tungamo mahali pa koili, ulaini wa springi mahali pa kapasita, na shokomzoba mahali pa ukinzani. Hata nishati hufuata kanuni hiyo. Nishati ya gari liendalo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi tena. Na ile iliyomo katika koili ni nusu ya kipimo cha koili mara mkondo mara mkondo tena. Mlinganyo haujui kama unanena habari za chuma au habari za umeme. Aliyeufumbua mmoja ameifumbua yote miwili.

Faida yake ni kubwa. Kubadili uzito wa gari ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Kubadili koili katika saketi ni kazi ya mkono mmoja. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1940 na 1950, kabla kompyuta za tarakimu hazijaenea, wahandisi waliunda mashine za saketi zilizosimama mahali pa ndege na mitambo ambayo ilikuwa bado katika karatasi. Walizipima volti na ampea, wakajua jinsi chuma kitakavyotikisika.

Nitatoa habari moja ambayo huenda ikakupendeza zaidi, kwa kuwa yahusu muziki. Gramafoni za zamani zilikuwa na kasoro: noti nyingine zilitoka kwa kishindo, na nyingine, hasa za chini na za juu, zilipotea. Katika miaka ya 1920 wahandisi wawili wa maabara ya simu ya Bell huko Marekani, Joseph Maxfield na Henry Harrison, waliitazama gramafoni kwa macho ya watu wa simu. Watu wa simu walikuwa wamekwisha kujifunza kuunda saketi zinazopitisha sauti za juu na za chini kwa usawa katika masafa marefu. Hawa wawili wakaihesabu sindano, mkono wake, kiwambo na pembe ya kutolea sauti kama kwamba ni koili na kapasita zilizopangwa katika laini ya simu. Gramafoni iliyotokana na hesabu hiyo iliuzwa kuanzia mwaka 1925, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1926. Tazama ajabu yake: sauti ya gramafoni ile ilitoka kwa sindano, kiwambo na pembe tu, bila msaada wa umeme wowote; lakini isingaliundwa vile kama waundaji wake wasingaliujua umeme. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hicho kiliundwa kwa mfano. Enzi hizo ndizo ambazo santuri zilianza kuimba Kiswahili katika nyumba za pwani yetu, kwani mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, na sauti yake ikatiwa katika santuri.

Basi mfano huu umejaribiwa, nao umefaulu. Je, tuseme sasa kwamba tungamo ni aina ya koili? Wengi wangesema ndiyo, lau si jambo lililotokea mwaka 1933. Mwaka huo Floyd Firestone, mwanafizikia wa Marekani, alitoa mfano mwingine wa mashine zile zile. Alisema kwamba kani hupita ndani ya fimbo kama mkondo upitavyo ndani ya waya, na kasi hupimwa kati ya mahali pawili kama volti zipimwavyo. Kwa hiyo yafaa kani ilinganishwe na mkondo, na kasi na msukumo wa umeme. Ukifuata njia yake, tungamo si koili tena bali ni kapasita, na springi ndiyo iwayo koili. Hesabu zake ni sahihi sawasawa na zile za kwanza, na mchoro wa saketi yake hufuata mpango wa mashine kwa wepesi zaidi.

Hapa msomaji na asimame afikiri. Mfano wa kwanza wasema tungamo ni kama koili. Wa pili wasema tungamo ni kama kapasita. Koili na kapasita ni vitu viwili vyenye tabia zinazopingana. Mifano yote miwili yatoa majibu ya kweli. Basi tungamo ni nini? Jibu ni kwamba tungamo ni tungamo. Mfano haukuwa ukitueleza asili ya kitu, bali uhusiano wake na vitu vingine. Ulituambia kwamba hiki kwa kile ni kama kile kwa kingine, wala haukusema zaidi ya hapo. Anayeuelewa hivyo hawezi kudanganyika. Anayedai zaidi ameutwisha mzigo usio wake.

Watu wenye akili kubwa wamepata kuutwisha mzigo huo. Katika miaka ya 1861 na 1862 James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, alitaka kuzielewa nguvu za umeme na sumaku, akawaza mbingu zimejaa vimbunga vidogo visivyoonekana, na kati yake vijigurudumu vinavyozunguka. Kwa mfano huo aliifikia milinganyo yake mashuhuri. Mwaka 1865 aliieleza elimu yake upya bila vijigurudumu vile, kama mwashi aondoavyo majukwaa ukuta ukiisha kusimama. Lakini wataalamu wengi wa karne ile waliendelea kuamini kwamba mbingu zimejaa kitu hasa, wakakiita etha. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley wa Marekani walipima kwa uangalifu mkubwa ili waione dalili ya dunia yetu kupita katika etha hiyo, wasiione. Leo milinganyo ya Maxwell ingali inatumika katika kila simu na redio, na vijigurudumu vyake havipo.

Huenda ukasema: "Ikiwa mifano yaweza kupoteza hata wataalamu, afadhali tuiache, tuviseme vitu kama vilivyo." Shauri hilo ni jema kulisikia, gumu kulitenda. Neno mkondo lenyewe ni mfano, na ukilifuta itakulazimu kutafuta jingine, ambalo nalo litakuwa limeazimwa mahali. Tena mfano unaojulikana mpaka wake una manufaa hata pale unapokatika. Katika mfano wa Firestone pana upungufu mmoja. Kapasita ina ncha mbili, na kila ncha yaweza kuunganishwa popote. Tungamo lina ncha moja tu. Ncha yake ya pili sikuzote ni ardhi, kwa kuwa mwendo wake hupimwa kutoka ardhini. Kwa hiyo zilikuwapo saketi nyingi zisizoweza kuigwa kwa chuma. Malcolm Smith wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliusimamia mpaka huo akauliza: je, hakiwezi kuundwa chombo chenye ncha mbili zilizo huru, kitendacho katika mashine kama kapasita itendavyo katika saketi? Mwaka 2002 alikieleza chombo hicho, ambacho kwa namna moja ya kukiunda huwa na gurudumu dogo linalozungushwa ncha zake zikikaribiana au zikiachana. Mwaka 2005 magari ya mashindano ya McLaren yalikuwa yakikitumia. Aliyeficha kasoro ya mfano asingalikipata. Aliyeikiri na kuichunguza ndiye aliyekipata.

Kwa hayo twaweza kuyakusanya maswali matatu ambayo mhandisi mwaminifu huuliza kila mfano. La kwanza: ni kipi kinasimama mahali pa kipi? La pili: ni kipimo gani kitakachotuonyesha kama mfano huu ni wa uongo? La tatu: mpaka wake uko wapi? Mfano usioweza kujibu maswali haya si hoja. Ni pambo, au ni mtego.

Sasa tutoke karakanani. Mwaka 1919 mapatano ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, yalisema kwamba wako watu wasioweza bado kusimama peke yao katika ulimwengu wa sasa, na kwamba mataifa yaliyoendelea yapewe ulezi wao. Tanganyika ikawekwa chini ya ulezi huo mikononi mwa Uingereza. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka juu ya Kenya, uitwao Waraka wa Devonshire, ikasema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia, na kwamba yenyewe imeshika amana kwa ajili yao. Maneno mlezi na amana ni maneno ya heshima. Lakini ndani yake umo mfano: kwamba taifa hili ni mtoto, na lile ni mzazi.

Uulize mfano huo maswali yetu. Ni kipi kinasimama mahali pa utoto? Utoto ni uchache wa miaka. Lakini watu walioitwa watoto walikuwamo wazee waliokwisha kuamua mashauri ya vizazi viwili, na wakulima na wafanyabiashara waliolisha jamaa zao kabla mlezi hajafika. Kipimo ni kipi? Mtoto hutimiza umri ujulikanao, na siku hiyo ulezi hukoma bila yeye kuomba. Lakini mapatano yale hayakutaja tarehe wala kipimo cha kukua. Mpaka uko wapi? Mwenye kushika amana huweza kudaiwa hesabu na mwenye mali. Lakini waraka ule ule uliziacha nyanda za juu za Kenya ziendelee kutengewa walowezi wa Kizungu, na mwenye mali hakuulizwa. Mfano huo haukupatikana kwa kupima. Ulitamkwa na yule uliyemfaa, kisha ukaitwa kweli. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Na watu waliosimama siku hizo hawakuwa wamekomaa usiku wa kuamkia sherehe.

Lakini tusiwahukumu wengine tukajisahau wenyewe. Sisi nasi tuna mifano yetu, na mingine imevaa joho la hekima. Twasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kwa nyoka ni kweli, maana sumu hurithiwa kwa kuzaliwa. Lakini mara ngapi methali hiyo imetupiwa kijana ambaye kosa lake ni kwamba baba yake aliiba? Wizi haumo katika damu kama sumu ilivyo katika taya la nyoka. Kijana huyo akinyimwa kazi au urafiki kwa ajili ya methali, amehukumiwa kwa mfano, si kwa matendo yake.

Kadhalika twasema kwamba taifa ni jamaa na kiongozi ni baba. Mfano huu una wema wake, kwa kuwa watufundisha kuhurumiana na kugawana kilichopo. Lakini una mpaka. Baba hachaguliwi na wanawe, wala hawaombi kura; kiongozi huchaguliwa, na muda wake ukiisha huweza kuondolewa. Mtoto hamdai baba hesabu ya mshahara wake. Raia ana haki ya kudai hesabu ya kodi yake. Anayeutumia mfano wa baba ili raia wanyamaze ameuvusha mpaka, kama mtu adhaniaye kuwa umeme utamwagika sakafuni waya ukikatwa.

Basi, kijana msomaji, usiyaogope maneno "ni kama". Yapokee, kwa kuwa bila hayo hutajifunza jambo. Lakini kila uyasikiapo, darasani au barazani, gazetini au jukwaani, uliza kipi kinasimama mahali pa kipi, kipimo chake ni nini, na mpaka wake uko wapi. Kisha ukitazame kitu chenyewe. Mhandisi akiisha kuihesabu saketi yake hulipeleka gari barabarani akalijaribu, kwani ajua kwamba abiria watapanda gari, hawatapanda saketi. Na mtu astahili zaidi kuliko gari. Kabla hujamhukumu kwa kile alichofananishwa nacho, msikilize, umtazame anavyotenda.